Moyo Unapomdunda Mpiga Gitaa Kabla ya Dansi

Ni Jumamosi, yapata saa moja ya usiku. Bwana arusi na bibi arusi wamekwisha keti mahali pao pa heshima, wazee wa pande zote mbili wamekwisha toa nasaha, na meza za chakula zinaondolewa ukumbini ili watu wapate nafasi ya kucheza. Nyuma ya ukumbi, karibu na jiko, amesimama kijana aliyevaa shati jeupe na tai nyeusi. Mikono yake ni baridi ingawa usiku wenyewe una joto. Kinywa kimekauka. Amekwenda chooni mara tatu katika muda wa nusu saa, na sasa anataka kwenda tena. Nyimbo zote kumi na mbili za usiku huo aweza kuzipiga gizani. Lakini akijaribu kuukumbuka mwanzo wa wimbo wa kwanza, haupati.

Afikirie msomaji kijana wa namna hiyo, maana ni nadra kukosekana katika bendi yo yote, iwe ya dansi, ya kanisa au ya shule. Mchana yeye ni karani. Kwa muda wa miaka miwili alipiga gitaa la rithimu, akisimama nyuma kidogo, na hapana mtu aliyemtazama. Lakini yule mpigaji wa solo amehamishwa kikazi wilaya nyingine, na kwa majuma mawili sasa kazi ya mbele imemwangukia yeye. Nusu ya malipo ya arusi imekwisha pokewa na kutumika kwa kununua nyuzi na kukodi gari. Nusu nyingine italipwa baada ya dansi, ikiwa wenye arusi wameridhika. Na jambo linalomsumbua kuliko hayo yote ni kwamba baba yake yumo ukumbini. Mzee huyo amesema miaka yote kwamba gitaa ni chombo cha walevi na watu wasiopenda jembe, wala hajapata kumsikia mwanawe akipiga. Amekuja kwa sababu bwana arusi ni mtoto wa dada yake.

Kijana anajiambia kwamba mpigaji wa kweli hawezi kuwa na fadhaa kama hii. Kwa hiyo, adhani, yeye si mpigaji wa kweli. Hapo ndipo anapokosea, na kosa hilo limewaondoa katika muziki vijana wengi waliokuwa na vipawa vizuri.

Pablo Casals, Mhispania wa Katalonia, alikuwa mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa wa chelo, yaani ile fidla kubwa ambayo mpigaji huiweka katikati ya magoti yake. Mwaka 1901, alipokuwa akipanda mlima Tamalpais karibu na San Francisco, jiwe liliporomoka likampiga mkono wa kushoto, mkono ule wa kubana nyuzi. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba wazo la kwanza lililomjia halikuwa la majonzi. Alimshukuru Mungu kwamba hatalazimika tena kupiga chelo! Basi hofu ya kusimama mbele ya watu ilikuwa imemlemea kiasi hicho mtu ambaye miji mikubwa ilikuwa ikimgombania. Mkono ulipona. Casals akaendelea kupiga, na mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 84, alipiga mbele ya Rais Kennedy katika Ikulu ya Marekani. Fadhaa ile ya kabla ya kupiga haikumwacha hata uzeeni. Alijifunza kupiga akiwa nayo, kama mtu ajifunzavyo kulima na jua likimchoma mgongoni.

Yafaa mpigaji ajue ni nini hasa kinachotendeka mwilini mwake, kwa kuwa jambo lijulikanalo halitishi kama lisilojulikana. Juu ya kila figo la mwanadamu kuna tezi ndogo. Mtu aonapo hatari, tezi hizo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo huenda mbio ili upeleke damu nyingi kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mikono. Damu hupungua katika ngozi, na kwa ajili hiyo vidole hupoa. Tumbo hupunguza kazi yake, mate hukauka, na jasho hutoka viganjani. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Walter Cannon, aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1915, akaonyesha kwamba mwili unamtayarisha mtu apigane au akimbie. Kwa mchungaji aliyekutana na chui, huu ni msaada mkubwa. Taabu ya mpiga gitaa ni kwamba hatakiwi kupigana wala kukimbia. Atakiwa asimame pale pale na kuvisogeza vidole vyake kwa sehemu ndogo za inchi, na huku mwili wake wote umejaa nguvu za kuvuka mto kwa kuruka.

Nguvu hizo si adui. Mpigaji asiyekuwa nazo hata kidogo hupiga kama mtu asomaye hesabu ya magunia, na wachezaji hurudi vitini. Kazi iliyopo ni kuzipatia njia ya kupita.

Wala asidhani mtu kwamba mambo haya huwapata wageni wa kazi peke yao. Katika mji ule ule wa San Francisco, miaka 68 baada ya Casals kuumia, ilifika bendi ya watu watano iitwayo The Band. Watu hawa walikuwa wamepiga pamoja miaka mingi katika vilabu vya Kanada na Marekani. Na mwaka 1965 na 1966 wengi wao walifuatana na Bob Dylan katika safari zake, wakazomewa mji baada ya mji nao wasiache kupiga. Lakini mwezi wa Aprili 1969, walipotakiwa kupanda jukwaani kwa jina lao wenyewe katika ukumbi wa Winterland, mpiga gitaa wao, Robbie Robertson, aliugua hata akawa hawezi kusimama sawasawa. Akaletwa mtu ajuaye kumtuliza mwenzake kwa maneno mpaka awe kama aliyelala, akakaa kando ya jukwaa akimtazama. Usiku wa kwanza bendi ilipiga kwa muda mfupi tu, na watu wengi wakaondoka wakinung'unika. Usiku wa pili wakapiga vizuri. Mwaka uliofuata Robertson alitunga wimbo juu ya hofu ya jukwaani, na jina la wimbo huo likawa jina la sahani yao ya tatu.

Watu wengi wakisimulia habari hiyo humkumbuka yule mtulizaji kwa maneno. Lakini lililo bora kutazamwa ni usiku wa pili. Ukumbi ulikuwa ule ule, nyimbo walizijua tangu zamani, na wapigaji hawakuongezewa ujuzi wo wote kati ya jana na leo. Tofauti ilikuwa kwamba sasa walikuwa wamekwisha simama pale mara moja wasife.

Kwa sababu hiyo bendi yenye busara haifanyi usiku wa arusi kuwa usiku wa kwanza. Hujitengenezea usiku wa kwanza mwingine kabla yake, usio na gharama. Mazoezi ya vijana wengi ni ya kukaa vitini, wakisimama kila wapotezapo, wakicheka na kurudia. Hayo ni mazoezi ya kujifunza wimbo, na ni mema kwa kazi hiyo. Juma la mwisho linataka mazoezi ya namna nyingine: wapigaji wasimame kama watakavyosimama, wavae viatu watakavyovaa, wazipige nyimbo zote kumi na mbili tangu mwanzo hata mwisho, na akosaye asisimame. Kisha waalike watu kumi wa mtaani, hata watoto, waje wasikilize. Siku hizi kila mtu ana simu ya kupigia picha. Mmoja aielekeze simu yake kwao, na moyo wa mpigaji utadunda karibu kama siku yenyewe. Kule pwani ya Kenya, bendi kama Them Mushrooms, iliyoanza mwaka 1972, ilipiga katika hoteli za watalii kabla ya sahani zake kujulikana duniani. Bendi ya hoteli inayopanda jukwaani jioni baada ya jioni hupata shule isiyoweza kununuliwa. Bendi ya makarani, ambayo hualikwa mara moja kwa mwezi, hapana budi ijijengee shule yake yenyewe.

Mambo mengine ni madogo, lakini madogo ndiyo yamletayo mtu kiwewe. Nyuzi mpya zitiwe siku mbili kabla ya dansi ili zipate kunyoka. Zikitiwa saa ile ile, hulegea katikati ya wimbo. Uwekwe uzi wa akiba wa kila namba, na waya wa pili wa gitaa. Bendi ifike mapema, wapigaji wapande jukwaani ukumbi ungali mtupu, wapige nyimbo mbili, wajue ni mahali gani sauti inarudi kutoka ukutani. Mpigaji ale chakula chepesi saa mbili au tatu kabla ya kazi. Akikaa na njaa tangu asubuhi atatetemeka hata bila hofu. Na mwanzo wa wimbo wa kwanza, yaani zile hatua nane za kwanza tu, ujulikane kuliko kitu kingine cho chote, upigwe kila siku mpaka vidole viutende bila kuuliza. Mtu akivuka hatua hizo nane salama, mara nyingi zinazobaki humfuata zenyewe.

Sasa kuna chupa. Karibu kila bendi ina mtu asemaye kwamba glasi mbili za pombe hulainisha vidole. Si kweli. Pombe huilainisha akili inayovisimamia vidole, na sikio linalohukumu mwendo. Mpigaji hujisikia anapiga vizuri, na hilo ndilo baya lake, maana wengine ndio wanaosikia. Tena glasi mbili za mwezi huu huwa nne mwezi ujao. Miraa nayo humwongezea mtu mapigo ya moyo, wakati moyo wake tayari unakwenda mbio. Kahawa nyingi kadhalika. Viko pia vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo. Mwaka 1977 gazeti la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapisha habari za wapigaji 24 wa ala za nyuzi waliojaribiwa kwa dawa moja ya namna hiyo, na ikaonekana kwamba iliwapunguzia fadhaa ya jukwaani. Wanamuziki wengi wa Ulaya na Marekani hutumia dawa za jamii hiyo hata leo. Lakini ni dawa za moyo, na mtu mwenye pumu aweza kupata hatari kubwa kwazo. Asizipokee mtu mkononi mwa rafiki nyuma ya ukumbi. Kama hofu imemzidi kabisa, aende kwa daktari siku ya kazi, aseme yote.

Neno lingine lafaa kuangaliwa, nalo ni lile ambalo mtu hujiambia mwenyewe. Desturi ya wenzake ni kumwambia, "Tulia! Tulia!" Nani aliyepata kutulia kwa kuamriwa? Mwaka 2014 Alison Wood Brooks, naye wa Harvard, alitangaza majaribio aliyoyafanya juu ya watu waliotakiwa kuimba wimbo mbele ya mgeni, huku mashine ikihesabu usahihi wa sauti zao. Wengine walitakiwa waseme kwanza kwamba wana wasiwasi, wengine kwamba wana hamu na shauku, na wengine hawakuambiwa waseme neno. Wenye kusema wana shauku walipata kama alama 80 katika mia. Wasiosema kitu kama 69. Na waliosema wana wasiwasi kama 53. Moyo wa mtu mwenye shauku hudunda sawa na moyo wa mtu mwenye hofu. Ni vigumu kuusimamisha moyo uendao mbio, lakini si vigumu sana kuubadilishia jina la safari yake.

Tena mpiga muziki katika bendi ana baraka ambayo Casals, akiwa peke yake na chelo yake, hakuwa nayo. Yuko pamoja na wenzake. Ni kweli kwamba hofu huambukiza. Mmoja akipanda jukwaani macho yakimtoka, wote huona. Lakini utulivu nao huambukiza, na kila bendi nzuri ina mtu mmoja ambaye wengine humtazama wakipotea. Mara nyingi huyo ni mpiga ngoma au mpiga besi, na mara nyingi ni mtu mzima asiye na maneno mengi.

Tumrudie yule kijana karibu na jiko. Mpiga ngoma wa bendi yake ni fundi cherehani, mtu wa makamo, mwenye watoto wakubwa. Amemwona kijana ametoka, naye amemfuata, fimbo za ngoma ziko mfukoni.

"Mzee," asema kijana, "nyimbo zote zimenitoka."

"Zimekutoka kichwani. Vidoleni zimo. Hebu niimbie mwanzo wa wimbo wa kwanza, kwa mdomo tu."

Kijana aimba kwa kinywa kikavu, haraka haraka. Mzee atikisa kichwa, anagonga ukuta wa jiko kwa vidole viwili, polepole, na kijana aimba tena akifuata ule mgongo.

"Huo ndio mwendo wetu," asema mzee. "Tukiwa kule juu utauona umechelewa mno. Ujue ni moyo wako uendao mbio, si wimbo uliochelewa. Unifuate mimi, usiufuate moyo."

Maneno hayo ya fundi cherehani yana elimu nyingi. Wimbo unaoanzwa na watu wenye hofu huanza mbio, na ukianza mbio hauwezi kurudishwa. Mwimbaji hukosa pumzi, mpiga solo hukosa nafasi ya vidole, na wachezaji, ambao miguu yao haina adrenalini yo yote, hutazamana. Bendi nyingi zimedhaniwa hazijui kupiga, kumbe zilianza tu kwa haraka.

Kisha mzee amwagiza aingize mikono yake katika karai la maji ya moto ya kuoshea vyombo. Mpishi alalamika kidogo, lakini awapisha. Vidole vikipata joto hutii. Mzee amwambia pia avute pumzi kidogo na kuitoa kwa muda mrefu, kama apozaye chai kwenye kisahani, mara kumi. Kuitoa polepole ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo; wengi huvuta pumzi kubwa kubwa upesi na kuzidi kupata kizunguzungu.

"Na baba yangu amekaa mstari wa mbele."

"Basi usimtazame. Mtazame yule mama mnene mwenye kitambaa cha kijani. Huyo atacheza hata tukipiga ndoo."

Wapanda jukwaani. Wimbo wa kwanza ni ule ulio rahisi kuliko wote, na ndivyo ipasavyo; wale wanaoanza na wimbo wao mgumu ili wawastaajabishe watu hujitegea mtego wenyewe. Fimbo zagongwa mara nne. Kijana auona mwendo umechelewa mno, kama alivyoambiwa, na amfuata mzee. Hatua nane zapita. Katika wimbo wa tatu kidole chateleza, na sauti moja mbaya yatoka katika spika kubwa wazi kabisa. Mpiga besi haachi mwendo wake. Kijana haukunji uso, wala hamtazami mtu kuomba radhi, kwa kuwa wachezaji hawasikii kosa kama waonavyo sura ya mkosaji. Azidi mbele, na yule mama wa kitambaa cha kijani hajui kwamba lo lote limetokea.

Baada ya nyimbo sita bendi yapumzika. Kijana atoka nje kutafuta maji ya kunywa, na afikapo jikoni agundua kwamba mikono yake ina joto. Zimebaki nyimbo sita. Arudi mlangoni, atazama mstari wa mbele, na kiti cha baba yake ki wazi. Basi la mwisho la kwenda upande wa kwao huondoka saa mbili na nusu, na kituo ni mbali.

"Mzee mwenye kofia nyeusi?" asema mpishi akimpa kikombe. "Alisimama hapa mlangoni na koti mkononi. Aliondoka wimbo wa nne ulipokwisha."

Ndani, fundi cherehani amekwisha keti nyuma ya ngoma zake, anamwita kwa fimbo.